Tupeane uzoefu: homa ya ini B mliigundua vipi nyumbani kwenu?

Mwana wa Likoni
Wandugu, salaam. Mimi nilijua kwa kutoa damu. Shangazi alikuwa wodini anahitaji painti mbili, nikajitolea. Baada ya siku kadhaa nikapigiwa simu: damu yako haitatumika, njoo tuzungumze. Macho meupe, mwili una nguvu, kazi yangu kubeba magunia! Nikaenda kijijini kwetu Kinango nikawabembeleza wapimwe wote. Tumbo moja tuko watano, watatu tunayo. Mama pia anayo.

Nikaukumbuka wembe wa babu, ule alouchomeka kwenye makuti juu ya mlango. Tulinyolewa nao sote, na watu wakachanjwa chale kwa huo huo, ukipanguswa tu kwa pindo la kikoi. Lakini daktari aliniuliza kwanza habari za mama. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, tisa kati ya kumi hubaki nayo maisha. Mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili huishinda. Nyinyi je?

Mama Pacha
Mimi kliniki, mimba ya miezi mitano. Mume alininunia wiki nzima akidhani nimeileta nje. Akapimwa, anayo yeye pia. Wanangu walidungwa chanjo siku ile ile ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Juzi wamepimwa, hawana. Nililia pale pale kwenye benchi.

Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi zahanati za ndani huko Kilifi. Kipimo cha ukimwi tulikuwa nacho, cha homa ya ini hatuna, mtu aende mjini. Nauli hana, basi haendi, na sisi kwenye daftari tunaandika hakuna mgonjwa. Hilo linaniuma hadi leo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001, kwa hivyo waliozaliwa kabla ya hapo wapimeni. Na wembe ukikauka msiuamini: kirusi hiki hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Bint Kisauni
Shemeji yangu alipotangaza, alitengewa sahani na kikombe chake. Haiambukizi kwa chakula! Nikaketi naye mkekani tukala wali wa nazi sinia moja, watoto wakitutazama. Mimi nishadungwa mbili, ya tatu ni mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Yeye yuaenda kupimwa ini Alhamisi, namsindikiza.