Mama anameza losartan H na magoti yanamuuma, atumie dawa gani ya maumivu?

Binti_Muheza: Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 63, anameza losartan H kila asubuhi na presha ilikuwa imetulia kwenye 130/80. Tangu magoti yaanze kumsumbua ananunua diklopa duka la mtaani, kutwa mara mbili. Jana tumepima ikasoma 162/96, na miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Dozi ya presha hajaruka hata siku moja. Inaweza kuwa diklopa? Usiku halali kwa maumivu.

Kijana_wa_Pwani: Hizo dawa za presha ndizo zinamvimbisha. Aziache, atafune kitunguu saumu.

Mfamasia_Moro: Kijana, tafadhali sana, hivyo ndivyo watu wanavyopata kiharusi. Losartan asiiache.

Binti, ndani ya diklopa mna diklofenaki na paracetamol. Diklofenaki inaufanya mwili ushikilie chumvi na maji, ndiyo maana miguu inavimba na presha inapanda japo dozi anameza. Ibuprofen, meloxicam na piroxicam ni ukoo huohuo, kwa hiyo muuzaji akikubadilishia jina hajakusaidia.

Kinachonitia hofu zaidi ni figo. Hiyo H ni dawa ya kukojoza. Losartan, dawa ya kukojoza na diklofenaki zikikutana, damu inayofika kwenye figo inapungua na figo zinaweza kufeli, hasa kwa mtu wa umri wake, na zaidi akiharisha au akiwa hanywi maji. Diklopa aisimamishe leo. Kesho mpeleke hospitali wapime kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu. Mkojo ukipungua au akihema kwa shida, msingoje kesho.

Kwa maumivu mpatie paracetamol tupu ya miligramu 500: viwili kwa mara moja, apishe saa sita, visizidi vinane kwa siku. Asichukue ile ya kuyeyusha kwenye maji, ina sodiamu nyingi. Akitumia paracetamol kila siku, presha ipimwe mara kwa mara, maana nayo inaweza kuipandisha kidogo.

Mama_Zai: Pole mwanangu. Mimi nilielekezwa na mtu wa mazoezi ya viungo: nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mmoja, nahesabu hadi kumi, nashusha. Sasa ngazi napanda.

Binti_Muheza: Asanteni mno. Na jeli ya diklofenaki ya kupaka?

Mfamasia_Moro: Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Ila kwa miguu iliyovimba hivyo, ngojeni kwanza majibu ya kreatinini.