Naomba ushauri: makro (amri zinazoandika msimbo) za lugha ya Common Lisp zinanigomea, nihamie lugha ya Scheme au Clojure?

Mleta uzi (Mtwara)
Habari za jioni wakuu. Niko Shangani, naandika kiprogramu cha kutunza uzito wa magunia ya korosho za mzee wangu. Kilo zikiandikwa kwa gunia siyo, nataka kuzibadilishanisha kwa amri moja. Nimetunga makro hii:

```
(defmacro badili (a b)
  `(let ((kilo ,a))
     (setf ,a ,b)
     (setf ,b kilo)))
```

(badili x y) inakubali. (badili kilo uzito) namba zinabaki vilevile, wala hakuna kosa linalotajwa. Siku ya pili hii, sijalala vizuri. Nifanyeje?

Mchangiaji wa Lindi
Pole mkuu. Endesha (macroexpand-1 '(badili kilo uzito)) usome msimbo ambao makro yako inauandika. Makro hupokea msimbo wenyewe, haipokei thamani, kwa hiyo kilo ya ndani imeifunika yako. Tumia gensym, inatunga jina lisiloweza kugongana na lako.

Mpenda Scheme
Hamia huku ndugu yangu. syntax-rules, njia ya Scheme ya kuandika makro, imo kwenye R5RS (kiwango cha lugha hiyo) tangu 1998, na inatenganisha majina ya makro na ya mtumiaji yenyewe. Makro yako ingefanya kazi bila gensym.

Mtu wa Clojure
Huku unaandika kilo# unapata jina jipya. Ukisahau hiyo alama, kilo inabandikwa jina la moduli yake na let (amri inayotoa jina la muda) inaikataa palepale. Napenda hapo, kosa halijifichi. Ila majina ya let hayabadilishwi thamani, badili itabidi uifikirie upya.

Mchangiaji wa Lindi
Scheme ni safi, sikatai. Lakini siku ukitaka makro ilete jina kwa mtumiaji kwa makusudi, syntax-rules itakubana. defmacro ya Common Lisp inakuachia.

Mleta uzi (Mtwara)
Nimeiona kwa macho yangu: (let ((kilo kilo)) ...). Nimeweka gensym, kilo zimebadilishana! Asanteni sana. Nabaki hapa mpaka msimu uishe, halafu Scheme.

Mchangiaji wa Lindi
Safi sana. Bado kuna shimo moja: ukiipa (aref magunia (incf i)), i inapanda mara mbili, maana ,a imeandikwa mara mbili. Hilo gensym uliyoweka hailigusi. Common Lisp ina rotatef tayari, amri ya kubadilishanisha thamani, tumia hiyo kwa magunia ya mzee, yako ibaki ya kujifunzia.