Nianze na albamu ipi ya kantri iliyorekodiwa jukwaani?

Muuliza swali, Kirumba: Habari zenu, wapenzi wa kantri. Nimezoea albamu za studio za Don Williams, lakini sasa natamani sana kusikia wanamuziki hawa wakiimba mbele ya watu. Nianze na ipi?

Jibu la kwanza: Ndugu, anza na At Folsom Prison, ambayo Johnny Cash aliirekodi gerezani California Januari 1968. Shangwe za wafungwa, pamoja na matangazo ya kipaza sauti cha gereza yaliyoachwa humo, hunisisimua kuliko hata gitaa.

Jibu la pili, Nyamagana: Naunga mkono. Hata hivyo, Don Williams mwenyewe alitumbuiza Harare, Zimbabwe, mwaka 1997 na onyesho likarekodiwa kwa video. Kwangu hakuna raha inayozidi kuwaona Waafrika wenzetu wakiimba naye.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Nitaanza na la Harare.