LSAT: alama za pepa za mazoezi zimeshuka ghafla, nirekebishe wapi?

Kihesa_Juu:
Wakuu salaam. Niko Iringa, najiandaa na LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria, ili niombe Marekani. Pepa zangu zilikuwa zinacheza kati ya 157 na 160. Mbili za mwisho zimetoka 154 na 152. Hapo katikati nimehama kutoka PDF za zamani kwenda pepa za LawHub (tovuti rasmi ya mazoezi ya LSAT), na nimeanza kuchora mchoro wa kila hoja kwenye karatasi kama wanavyofundisha mtandaoni. Nafanya usiku nikitoka kazini. Mtihani umebaki wiki 7. Niongeze idadi ya pepa au nirudi kwenye notsi?

Uyole_Mbeya:
Usiongeze pepa kwanza. Hakikisha kama kweli umeshuka, maana unalinganisha mitihani miwili tofauti.

Hizo PDF za zamani zina michezo ya mantiki (mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti), maswali 23 hivi kati ya takribani 100. Tangu Agosti 2024 michezo imeondolewa. Sasa zinahesabiwa sehemu mbili za hoja (kuchambua hoja fupi) na moja ya ufahamu (kusoma kifungu kirefu), na ipo ya nne isiyohesabiwa ambayo huambiwi ni ipi. Maana yake hoja peke yake imekuwa kama theluthi mbili ya alama. Mtu aliyekuwa anabebwa na michezo ataona anguko hata kama uwezo wake haujapungua.

Fanya hivi: chukua PDF zako mbili au tatu, toa michezo, hesabu asilimia uliyopata kwenye hoja na kwenye ufahamu. Kisha linganisha na za LawHub, sehemu kwa sehemu. Kumbuka pia kwamba hata alama rasmi hutolewa na wigo wa kama pointi 3 juu na 3 chini. 157 na 154 zinaweza kuwa za mtu yuleyule mwenye uwezo uleule. 160 na 152, hapana, hapo kuna jambo.

Mafinga_Msituni:
Naongezea kwa mkuu Uyole. Kinachotenganisha tatizo la muda na tatizo la uelewa ni kurudia pepa kabla ya kuona majibu. Ukifanya pepa, weka alama kila swali ulilojibu kwa wasiwasi. Ukimaliza, usifungue majibu. Kesho yake rudia hayo maswali bila saa, uandike jibu jipya pembeni ya la kwanza. Ndipo usahihishe yote mawili.

Jibu la bila saa likiwa juu sana, maarifa unayo; kinachokuangusha ni kasi au uchovu. Yote mawili yakiwa chini, rudi kwenye notsi za aina hiyo ya swali. Kufanya pepa nyingine kabla ya kujua ni lipi kati ya hayo ni kuzichoma bure, na pepa zenyewe zina mwisho.

Kihesa_Juu:
Asanteni sana. Nimeirudia ile ya 152. Bila saa inafika 161. Niliyokosa mengi ni kuanzia swali la 17 kwenda mbele kwenye hoja, na mengine ni yale ya dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila hiyo. Hayo nimeyakosa hata bila saa.

Uyole_Mbeya:
Basi mchoro ndio unaokula muda. Dakika 35 kwa maswali 25 ni sekunde 84 kila moja, kusoma na kuchagua humohumo. Ukichora kila hoja, maswali ya mwisho, ambayo mengi ni magumu, unayakuta huna dakika. Chora pale tu penye mnyororo wa masharti: A ikiwepo lazima B, B ikiwepo lazima C. Hoja za kawaida, tafuta hitimisho, jiulize limeegemea nini, songa. Lenga maswali 10 ya mwanzo yaishe ndani ya dakika 12. Dakika ya mwisho jaza yote yaliyobaki, kwa sababu jibu baya halikatwi alama.

Kuhusu dhana, tumia njia ya kukanusha. Mfano: "Magari ya viazi kutoka Njombe yamepungua pale soko la Mwanjelwa, kwa hiyo bei itapanda." Chaguo moja linasema: viazi vya kwingine havitaziba pengo. Likanushe: viazi vya kwingine vitaziba pengo. Hitimisho limeanguka, basi hoja ilikuwa inalihitaji. Chaguo lingine linasema: kila magari ya Njombe yakipungua, bei hupanda. Hili lingetosha kuthibitisha hoja, ila hoja haikulihitaji. Bei ingeweza kupanda safari hii hata kama mwaka jana haikupanda. Watu wengi wanaangukia hapo kwa sababu chaguo la pili linaonekana lina nguvu zaidi. Kwenye swali la aina hii, chaguo lenye "kila", "daima" au "pekee" lichunguze mara mbili.

Mafinga_Msituni:
Ratiba ya wiki 7: pepa nzima moja tu kwa wiki, Jumamosi asubuhi, sehemu zote nne na mapumziko ya dakika 10 baada ya ya pili. Ukizoea sehemu tatu, ya nne itakukuta umechoka, na inawezekana ni mojawapo ya zinazohesabiwa. Katikati ya wiki fanya sehemu mbili kwa kujipima muda, siku tofauti. Usiku wa baada ya kazi uwe wa mapitio, usipime alama kichwa kikiwa kimechoka. Umeme ukikatika katikati, tumia maswali hayo kama mazoezi lakini alama yake usiiandike.

Kila swali ulilokosa liandikie mistari miwili kwenye daftari: kilichokuvuta kwenye jibu baya, na neno kwenye hoja lililopaswa kukuzuia. Kuandika "sikuwa makini" hakusaidii.

Ikifika wiki ya 5 wastani wa pepa tatu bado uko chini ya unachohitaji, angalia mapema tarehe ya mwisho ya kuhamisha mtihani. Kuufanya mtihani wenyewe unaruhusiwa mara 5 tu ndani ya miaka 5, na 7 maisha yote.