Kwa nini madereva na watembea kwa miguu hukosea kukadiria mwendo wa baiskeli?

Mpanda Asubuhi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninakwenda kazini na kurudi kwa baiskeli, kwenye barabara inayojaa magari asubuhi na jioni, na kuna jambo ambalo nimeshindwa kulielewa. Dereva anayetoka barabara ya pembeni hunitazama usoni kabisa, halafu huingia barabarani mbele yangu kana kwamba nimesimama. Mwingine hunipita kwa kasi na, kabla sehemu ya nyuma ya gari lake haijanivuka, anapinda kona na kuniziba njia. Watembea kwa miguu nao wana la kwao: mtu anashuka ukingoni akiwa ameniona, tukikaribiana anashtuka na kurudi nyuma hatua moja, na huko nyuma ndiko nilikokuwa nimeelekeza baiskeli ili nimpishe.

Kwa ninavyoona, wengi wao si wakorofi. Anayeniziba njia mara nyingi huinua mkono kuomba radhi, na sura yake ni ya mtu aliyeshangaa, si ya mtu aliyekusudia. Swali langu ni hili: kosa liko wapi hasa, kwenye macho, kwenye mazoea, au kwenye sheria wasizozijua? Naomba tusiingie kwenye mjadala wa nani ana haki zaidi ya barabara, kwa sababu huo tumeusikia wote na haujawahi kumfikisha mtu salama.

Mkufunzi wa Udereva alijibu:

Ndugu Mpanda, kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha magari, na kwa maoni yangu kosa huanzia kwenye macho, ingawa si kwa maana ya upofu. Jicho halina kipimo cha mwendo wa kitu kinachokuja moja kwa moja kulielekea. Linachofanya ni kufuatilia jinsi umbo la kitu hicho linavyotanuka kadiri kinavyosogea. Lori ni pana, hutanuka machoni mapema, na dereva huhisi hatari likiwa bado mbali. Mwendesha baiskeli ni umbo jembamba lenye upana wa mabega na usukani tu, na likiwa mbali huonekana kama halikui kabisa, mpaka lifike karibu ndipo linapojaa ghafla kwenye kioo. Watafiti wa utambuzi wameonyesha kwamba vitu viwili vinapokuja kwa mwendo mmoja kutoka umbali mmoja, watu hudhani kile kidogo ndicho kitakachochelewa kufika. Waendesha pikipiki nao huumizwa na kosa hilohilo.

Mazoea huja juu ya hapo. Dereva anayo kichwani picha moja ya baiskeli, nayo ni ya chombo cha polepole. Hampimi huyu anayemwona sasa, bali humpa mwendo wa ile picha. Chukua baiskeli iliyo mita 30 kutoka kwenye makutano. Ikija kwa kilomita 15 kwa saa, itafika baada ya sekunde 7 hivi, na dereva anao muda wa kuingia bila kumsumbua mtu. Ikija kwa kilomita 25 kwa saa, mwendo ambao mtu mwenye mazoezi huumudu bila taabu, itafika baada ya sekunde 4 na kidogo. Aliyetumia ile picha ya kichwani amejipa sekunde 3 ambazo hazipo.

Baiskeli za umeme zimelizidisha tatizo hili. Madereva wengi, bila wao wenyewe kujua, husoma mwendo wa baiskeli kwenye miguu na mgongo wa aliyeipanda: aliyeinama na kukanyaga kwa nguvu ana kasi, aliyekaa wima na kukanyaga taratibu hana. Kwenye baiskeli ya umeme dalili hizo hazina maana tena. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme huruhusiwa kumsaidia mpandaji mpaka kilomita 25 kwa saa, kwa hiyo mzee aliyekaa wima na kofia yake anaweza kukufikia kwa mwendo ambao zamani ulihitaji kijana na jasho jingi.

Ama kuhusu wale wanaokutazama usoni kisha wakakuingilia, kutazama na kuona ni vitu viwili. Dereva anayetaka kuingia barabara kuu hutupa macho upesi huku na huku, na jicho linaporuka kutoka mahali hadi mahali ubongo hauchukui picha iliyo wazi ya kilichomo katikati. Huijaza nafasi hiyo kwa ilichotarajia kukiona, nacho aghalabu ni barabara tupu au gari. Isitoshe, nguzo iliyo kando ya kioo cha mbele inaweza kumficha mwendesha baiskeli mzima. Ubaya wake ni kwamba gari na baiskeli zikielekea mahali pamoja kwa mwendo usiobadilika, baiskeli itabaki nyuma ya nguzo ileile mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa machoni pa dereva haisogei upande wowote. Ndiyo maana huwalazimisha wanafunzi wangu kusogeza kichwa na kifua, siyo kugeuza macho pekee.

Dereva wa Basi alijibu:

Nakubaliana na Mkufunzi, lakini naomba niseme kidogo kwa niaba yetu tunaoendesha magari marefu. Makosa ya kukadiria hayako upande mmoja. Basi likiwa limesimama kwenye taa na limewasha indiketa ya kupinda, kuna waendesha baiskeli wanaojipenyeza kati ya ubavu wake na ukingo kwa sababu wanaona nafasi. Gari refu linapopinda, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele; hukata kona kwa ndani, na ile nafasi iliyokuwa ikitosha baiskeli hufungika yote. Mimi niliye juu, kuna sehemu ya ubavu wa gari ambayo vioo vyangu havinionyeshi vizuri, na aliye hapo anadhani namwona kwa sababu yeye ananiona.

Kuna pia wasiotulia. Mtu anakwenda vizuri pembeni, mara anajitokeza kuelekea katikati ya njia bila sababu ninayoiona, kisha anarudi. Huyo nitamkadiriaje?

Fundi Baiskeli alijibu:

La ubavuni mwa basi sina la kuongeza. Asiyeweza kulipita basi lote kabla halijaanza kuondoka na abaki nyuma yake. Ila hilo la kutotulia nitalijibu kwa urefu, kwa sababu mengi yanayoonekana kuwa utovu wa nidhamu yanatokana na chombo chenyewe na hali ya lami.

Anayejitokeza kuelekea katikati mara nyingi anakwepa kitu ambacho dereva aliye nyuma hakioni: shimo, mfuniko wa mtaro, vipande vya chupa, au mlango wa gari lililoegeshwa ambao anaona kwamba mtu aliye ndani anajiandaa kuufungua. Mlango wa gari ukifunguliwa wote huziba karibu mita nzima, na kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa baiskeli inakwenda zaidi ya mita 5 kila sekunde. Aliyeona kichwa kinageuka ndani ya gari hana muda wa kungoja uhakika.

Kisha kuna jambo ambalo hata waendesha baiskeli wenyewe hulifanya bila kulijua. Baiskeli haipindi mpaka iegemee, na ili iegemee kushoto gurudumu la mbele sharti kwanza ligeuke kidogo kulia. Maana yake ni kwamba aliyebanwa kwenye ukingo hawezi kuuacha upesi, kwa kuwa hatua ya kwanza ya kuuacha ni kuusogelea. Dereva anayepita karibu naye akidhani kwamba ikibidi "atasogea kidogo" anamdai kitu ambacho chombo chake hakikiwezi. Kwenye mlima, ambako mwendo hushuka, usukani huyumba zaidi, kwa sababu baiskeli hukaa wima kwa kurekebishwa mfululizo, na mwendo ukipungua marekebisho hayo huwa makubwa. Ndiyo sababu sheria za nchi kadhaa zimetaja umbali wa kuipita baiskeli: Ujerumani, tangu 2020, ni mita 1.5 ndani ya mji na mita 2 nje ya mji, na Ufaransa ni mita 1 mjini na mita 1.5 nje. Anayeuona umbali huo kuwa wa heshima tu amekosea. Ni nafasi ya kuyumba.

Breki nazo hudhaniwa vibaya. Watu huona baiskeli ni nyepesi wakadhani husimama papo hapo. Mwili wa mpandaji uko juu, na gurudumu la mbele haliko mbali naye, hivyo akikaza breki kupita kiasi gurudumu la nyuma huinuka na yeye hurushwa juu ya usukani. Kwa mwendo uleule, kwenye lami kavu, gari lenye breki nzima husimama kwa umbali mfupi kuliko baiskeli. Mvua ikinyesha, breki za kubana rimu hazishiki mpaka magurudumu yazunguke kidogo na maji yafutike.

Na hao wanaokupita kisha wakakata kona mbele yako, ndugu Mpanda, hesabu yao ni hii. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji takriban sekunde 3 kuipita baiskeli inayokwenda kilomita 20, likianzia mita 10 nyuma na kuishia mita 10 mbele, na katika muda huo litakuwa limekwenda mita 45 hivi. Baiskeli ikiwa inakwenda kilomita 30, itachukua karibu sekunde 5 na mita 67. Dereva aliyeona makutano yako mita 50 mbele akapiga hesabu ya baiskeli ya polepole, atafika kwenye kona mkiwa sambamba. Hapo ndipo anapogeuza usukani, si kwa ubaya, bali kwa sababu kichwani mwake wewe umeshabaki nyuma.

Mpanda Asubuhi aliandika:

Nashukuru sana, hasa kwa hesabu ya makutano, maana ndiyo inayonipata kila mara. Swali la nyongeza: mavazi yanasaidia? Wapo wanaoniambia nivae fulana ya rangi kali na kofia ngumu, basi mambo yatakuwa mazuri.

Mkufunzi wa Udereva alijibu:

Kofia ngumu ni ya kulinda kichwa ukianguka. Haimfanyi dereva akadirie vizuri. Mtafiti Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kipima umbali kwenye baiskeli yake na kurekodi magari zaidi ya 2,300 yaliyompita, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2007 alipokuwa amevaa kofia hiyo madereva walimpita kwa ukaribu zaidi kuliko alipokuwa kichwa wazi, tofauti ikiwa wastani wa sentimita 8 na nusu. Wapo waliozichambua upya takwimu zake na kubishana naye, na mimi sisemi uvue kofia. Ninachokiona hapo ni kwamba dereva hukusanya dalili ndogondogo za nje na kutunga mtu kichwani, kisha hushughulika na huyo aliyemtunga.

Rangi kali husaidia mchana. Usiku fulana pekee haitoshi, na taa moja gizani humpa dereva kazi ngumu, kwani nukta moja ya mwanga haimwambii iko umbali gani. Kinachofanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani ni kuweka viakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu na kwenye pedali, kwa sababu mwanga unaopanda na kushuka kwa zamu humwambia dereva mara moja kwamba yule ni mtu anayekanyaga baiskeli.

Lakini usiweke matumaini yako yote kwenye kuonekana. Nchini Ufini, Räsänen na Summala walichunguza ajali za magari na baiskeli katika miji minne na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Aina iliyojirudia zaidi kwenye vivuko vya baiskeli ilikuwa ya dereva anayepinda kulia na baiskeli inayomjia kutoka kuliani kwake: kwa kuwa huko magari hukaa upande wa kulia wa barabara, magari ya kumwogopesha hutoka kushoto, na macho yake yote yalikuwa kushoto. Katika ajali hizo ni asilimia 11 tu ya madereva waliomwona mwendesha baiskeli kabla ya kugongana. Waendesha baiskeli, kwa upande wao, asilimia 68 waliliona gari, na kati ya hao asilimia 92 waliamini dereva angewapisha kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo usimtazame dereva usoni. Litazame gurudumu lake la mbele. Uso unaweza kukuelekea bila kukuona, ila gurudumu likianza kuzunguka ujue gari linaondoka.

Mtembea kwa Miguu alijibu:

Naona sisi wa miguu tumesahauliwa, nami ni mmoja wa hao wanaorudi nyuma hatua moja. Ukweli ni kwamba wengi wetu huvuka kwa masikio. Tukisikia kimya tunashuka ukingoni, na jicho hutumika baadaye kuhakikisha kile sikio lilichokwisha kuamua. Baiskeli haina muungurumo, kwa hiyo inapoonekana huwa imeshafika, na mwili huruka kabla akili haijachagua upande. Sasa nauliza: mtu akigonga kengele, anatuambia tusimame au tuendelee? Kwa sababu nikiisikia huwa sijui.

Fundi Baiskeli alijibu:

Ukishaingia njiani, endelea kwa mwendo uleule uliokuwa nao. Mwendesha baiskeli mzoefu amekwisha kuusoma mwendo wako na amelenga kupita nyuma ya mgongo wako. Ukisimama ghafla au ukirudi, unaingia kwenye njia aliyoichagua. Kama bado uko ukingoni, baki hapo mpaka apite, na usipime kwa sikio.

Kwa wenye kengele: igongeni mapema, mkiwa mita 20 au zaidi, ambapo mtu ana sekunde 3 au 4 za kugeuka na kuelewa. Kengele ya mita 5 haina kazi nyingine isipokuwa kumrusha mtu, tena upande usioujua. Mkiwa karibu kiasi hicho, iacheni na mkamate breki.