Naombeni ushauri: Nimeijua kweli kuhusu Krismasi, niende nyumbani au nisiende?

kondoo_aliyerudi: Za jioni wakuu. Nina miaka 33, naishi Dar, kwetu Kibosho. Nimezaliwa Mkatoliki, kipaimara nimepata. Tangu Februari nasali kanisa fulani huku Kimara na tumefundishwa kwa maandiko kwamba Krismasi haimo kwenye Biblia. Tarehe haipo. Wachungaji wa Luka 2 walikuwa makondeni usiku, wakati Desemba Bethlehemu ni baridi na mvua. Tarehe 25 ilikuwa ya mungu jua wa Warumi. Nyumbani wananisubiri tarehe 24. Je, Mkristo aliyeamka akakae meza ile? Matusi hapana.

Ngedere Mtu Mzima: Huyo mungu jua ndiye atakayekupakulia mtori? Nenda kale nyama.

kalamu butu: Hiyo hoja ya jua inapigiwa debe kuliko uzito wake. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 imeandika 25 Desemba kuwa siku aliyozaliwa Kristo, na humo humo imo sikukuu ya jua, siku ile ile. Nani alimwiga nani, wasomi wanavutana mpaka leo. Waarmenia wanaadhimisha 6 Januari, Waethiopia na Wakopti 7 Januari. Halafu si nyie wa kwanza: Bunge la Uingereza liliifuta 1647, na Massachusetts kuanzia 1659 ukikutwa unasherehekea faini shilingi tano. Paulo alishamaliza, Warumi 14:5: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe."

Bi Mkora: Mie Muislamu wa Tanga. Jirani yangu Mchaga kila Krismasi alikuwa anamwita mume wangu amchinjie kuku, ili sahani yangu ya pilau niile bila wasiwasi. Kahamia Dodoma mwezi wa nane. Nyie bishaneni tarehe, mie nalia na pilau.

Ngedere Mtu Mzima: Pole mama. Huo ndio msiba wa kweli humu.

mzee wa zamu: Mleta uzi, mtu haombi ushauri wa kwenda kwao kula mbuzi. Si ungesema umepangiwa zamu kazini ukalala? Kuna mahali umeruka.

kondoo_aliyerudi: Kuna kamchango. Tuko saba, kila mwaka tunachanga, mimi ndiye mtunza hela. Ilikuwa laki tisa na nusu. Mbuzi wawili, mchele, soda, na bati za jiko la mama, maana linavuja.

mzee wa zamu: "Ilikuwa"?

kondoo_aliyerudi: Sijala hata mia! Niliitoa madhabahuni mwezi uliopita, tulikuwa tunanunua spika. Sikuona sawa hela ya sikukuu ya kipagani ipite mikononi mwangu. Nitarudisha taratibu. Bati hata Machi zipo.

Bi Mkora: Masika yanaanza Machi, mwanangu.

kalamu butu: Kwa hiyo dhamiri imekataa mbuzi, ikameza bati za mama. Kasome Marko 7:11, pale kwenye neno Korbani, yaani mali ya kuwasaidia wazazi mtu anaisema imetolewa kwa Mungu. Yesu alikuwa anawasema watu wa aina yako, tena bila kutaja Krismasi.

kondoo_aliyerudi: Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kumtanguliza Mungu.

Mangi Mstaafu: Kijana, chuma msale, lile jani letu Wachaga la kuombea msamaha, nenda nao kwa kaka yako mkubwa kabla ya tarehe 24. Mimi niliuza ng'ombe wa baba nikiwa kidato cha tatu. Nilisimama mgombani na jani langu toka asubuhi mpaka saa nane, mvua yote yangu. Mzee alitoka, akalipokea, akaniambia kakate majani ya ng'ombe. Hakuwepo tena ng'ombe, ila nilikata.

kondoo_aliyerudi: Msale nao ni mila za kipagani, mzee wangu.

Ngedere Mtu Mzima: Spika ndiyo imo kwenye Biblia?

binti hesabu: Subirini kwanza. 950,000 gawa kwa saba ni 135,714 na chenji. Nani alichanga chenji? Halafu huyu huyu Aprili alifungua uzi mkewe wa Songea anamficha mshahara. Leo mke hatajwi kabisa. Hii chai, tena ya hiliki.

mzee wa zamu: Duh. Nami nilikuwa nishaanza kumhurumia mama wa watu.

kondoo_aliyerudi: Sita tulitoa 150,000, mdogo wetu wa mwisho yuko chuo akatoa 50,000. Piga hesabu. Ule wa Songea nilimwandikia bosi wangu, hajui kutumia mtandao.

binti hesabu: Hesabu imekubali. Bosi hapana.

Mangi Mstaafu: Chai au si chai, huyo mama mwambieni ukweli kabla mvua haijamwambia.

abiria mpole: Samahani kuingilia. Nina tiketi moja ya Moshi ya tarehe 22, safari yangu imeahirishwa. Naiuza bei niliyonunulia.

kondoo_aliyerudi: Siti ya wapi?