Tupeane uzoefu: wenye gari za zamani wanaojua kila kitu isipokuwa gari yao

SpanaKumi_Ndeeba
Wakuu habari za jioni. Nimetoka Mukono kuangalia Peugeot 404 nimerudi kichwa kinauma, na siyo kwa ajili ya gari, gari ni safi, shida ni mwenyewe. Eti hii ni ya injection, "ile ya Safari Rally", na kwa sababu hiyo bei kaizidisha mara mbili. Nikafungua boneti nakuta kabureta imekaa pale juu haina hata aibu. Nikamwonyesha kwa kidole, mzee wangu hii ni kabureta. Akasema kijana, hiyo ndo injection yenyewe, si unaona hapo ndo petroli inaingilia? Nikamwambia 404 ya injection ina pampu ya Kugelfischer ubavuni mwa injini na vipaipu vinne vyembamba, kila silinda na chake, hapa hakuna hata kimoja. Akafunga boneti polepole akaniuliza, umekuja kununua ama umekuja kufundisha?
Nyie mmekutana na wa aina gani? Mwageni hapa.

Mwana_Walukuba
"Kununua ama kufundisha" 😂😂 hiyo naandika kwenye ukuta wa garaji.

Hajji_wa_Giaboksi
404 ilishinda Safari 1963, tena 1966, 67 na 68. Tangu hapo kila 404 iliyobaki Afrika Mashariki ni ile iliyoshinda. Zoea tu.

Nnalongo_Beetle
Mimi wananichosha hawa wa Volkswagen. Naendesha Beetle ya 1968 niliyoachiwa na baba, kila nikisimama petroli steshoni lazima aje mwanaume kunieleza gari yangu. Lakini wa juu kabisa ni kaka mmoja Wandegeya alikuwa anauza ya kwake, injini inanuka kuungua kutoka mbali, namuuliza hii si imechemka? Ananijibu dada, Beetle haina radieta, sasa itachemkaje? Yaani kwake kuchemka ni ugonjwa wa maji. Haina maji haichemki! Nikachungulia, ile raba inayozunguka chumba cha injini imetolewa yote, na boneti ya nyuma kaiegemeza kwa kijiti ibaki wazi "ipate hewa". Nikamwambia hiyo raba ndo inatenganisha hewa baridi ya juu na moto wa chini unaotoka kwa silinda na egzosi. Ukiitoa feni inavuta moto ule ule inaurudisha kwenye injini. Akanicheka, akaniuliza nimeolewa.

KijanaKibuye
Samahani Nnalongo lakini kijiti kinasaidia. Mimi yangu naifungua hivyo Kampala mpaka Mbale na haijawahi kunisumbua. Hewa zaidi ni hewa zaidi, hiyo haitaki shule.

Nnalongo_Beetle
@KijanaKibuye boneti ya Beetle bawaba ziko juu, ukiiegemeza inafunguka chini, na chini ndo kuna moto. Hewa safi inaingilia kwenye yale matundu ya juu chini ya kioo. Kama yako ni ya kabla ya 1971 silinda namba tatu tayari inateseka kwa sababu kipozeo cha oili kimekaa mbele yake kwenye njia ya hewa, na wewe unaiongezea moto.

KijanaKibuye
Haya profesa. Yangu iko barabarani.

Mwana_Walukuba
Namjua mtu aliuziwa radieta ya Beetle pale soko la spea la Kisekka. Hela kamili na risiti. Sitamtaja, yumo humu.

Hajji_wa_Giaboksi
😂😂😂 Walimpa ya gari gani?

Mwana_Walukuba
Ya Toyota Corona. Fundi alimwambia "itaingia tu ukikata kidogo".

Mzee_Taratibu
Poleni na kazi vijana. Yangu ni ya rafiki yangu wa miaka mingi, ana Morris Minor nzuri sana, anaipenda kuliko watoto wake. Mtu fulani akamjaza maneno kwamba injini za zamani haziwezi kuishi bila petroli yenye risasi (lead), na ile huku kwetu iliondolewa tangu 2006, basi mzee akawa hapati usingizi. Hapo kuna ukweli ndani yake, viti vya valvu vya injini zile ni laini na risasi ilikuwa inavilinda, lakini ukienda mwendo wa kawaida wa Morris wala huwezi kuona tofauti kwa miaka. Yeye akasikia mafuta ya ndege yana risasi. Akatafuta mtu Entebbe, akaletewa dumu usiku, analilipia bei ya kukodi ndege yenyewe. Kumbe alichopewa ni Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, risasi haina hata chembe! Yenye risasi ni avgas, ile ya vindege vidogo vya propela. Morris ikawa inagonga, inatoa moshi mtaa mzima, na yeye kwenye usukani anatabasamu, ananiambia "unasikia inavyofurahi?"

SpanaKumi_Ndeeba
"Unasikia inavyofurahi" 😭

Dereva_Lugazi
Na wale wa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ishike joto? Nchi hii haina thamostati hata moja, zote zilitolewa na mafundi. "Hii ni ya nchi za baridi." Halafu mtu analalamika gari inakula petroli na injini haishiki joto.

KijanaKibuye
Hapo ndo kabisa, thamostati toa. Joto la Uganda linatosha.

Dereva_Lugazi
Thamostati inafunguka maji ya injini yakifika nyuzi themanini na kitu. Uganda ya wapi imefika themanini?

Shemeji_Masaka_Road
Ngojeni niwape baba yao wote, kaeni chini.
Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana rafiki yake Hajji huko Kyengera ana Benz imelala ndani ya geti, na hiyo Benz ni ya Amin. Siyo kwamba inafanana na ya Amin, ni YA AMIN, mtaa wote unajua, imamu anajua, watu wanaikodi kwa harusi kwa jina hilo na kupiga picha nayo ni hela. Bei milioni 90. Shemeji anaitaka mpaka hali vizuri, akaniita nikaikague kwa sababu hizi Benz nimekulia chini yake. Tumefika tukapewa chai ya maziwa na mandazi, na kabla hatujaiona gari Hajji ametoa historia mpaka chai imepoa, jinsi ilivyotoka Command Post Kololo, jinsi ofisa mmoja alivyomwachia marehemu baba yake funguo usiku ule Kampala inaanguka, jinsi walivyoifunika majani ya migomba miaka yote ya Obote wa pili. Mimi mwenyewe nimeanza kusisimka, sitadanganya.
Turubai likatolewa. Jamani. Ni W126! 280SE, ile yenye plastiki ya mistari chini ya milango na bampa zilizovishwa plastiki. Benz kubwa ya enzi za Amin ni W116, ya bampa nene za kromu, iliyoanza 1972. Hii 126 ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari Frankfurt mwezi wa tisa 1979, na Amin alikimbia mwezi wa nne mwaka huo huo. Wakati Wajerumani wanaitoa kitambaa, mwenyewe yuko Libya!
Nikanyamaza kwanza nisimkosee heshima. Hajji akatupeleka kwenye fenda ya nyuma kuna tundu, akaingiza kidole, akasema hii ndo risasi ya Watanzania. Shemeji naye akaingiza kidole. Nikainama nikaangalia, tundu limetobolewa kwa drili, ukingo umenyooka, bati halikuingia ndani wala kuchanika. Nikafungua buti, nikainua kapeti, waya wa eriali bado unaning'inia pale chini pamoja na raba yake. Nikauonyesha. Hajji akasema eriali ilifungwa baadaye, kwenye tundu la risasi, ili wasiharibu sehemu nyingine.
Basi nikaomba kuona kibati cha chasisi. WDB126022 na kuendelea. Nikamwambia kwa adabu, Hajji wangu, hizi tatu baada ya WDB ndo jina la bodi, moja mbili sita, ya wakati wa mzee Amin ingesoma moja moja sita. Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena kwa kidole, mimi nikajua ameelewa na nikaanza kumwonea huruma. Akavua miwani akasema:
"Hiyo namba waliibadilisha ili Obote asiitambue."
Na shemeji akatikisa kichwa kukubali!! Mpaka leo salamu zetu ni za mbali, anasema nilimwaibisha ugenini.

Nnalongo_Beetle
Banangeee 😂😂 eriali kwenye tundu la risasi

Hajji_wa_Giaboksi
Naomba ieleweke Hajji huyo siyo mimi.

Dereva_Lugazi
Masindi kuna ya Amin pia, Peugeot 504.

Mwana_Walukuba
Jinja tunayo, Land Rover. Na nyingine Bugembe. Na ile ya Bugembe ina namba za UAA, za miaka mingi baada ya Amin 😂

SpanaKumi_Ndeeba
Ukizikusanya zote yule mtu hakuwa na muda wa kutawala, alikuwa anashinda anabadilisha oili.

Arua_Moja
Mnacheka lakini tuheshimiane kidogo. 1979 Kampala iliporwa, gari za serikali zilitawanyika kila kona, hilo kila mtu mzima anajua. Huku kwetu West Nile kuna wazee wana magari yaliyotoka kweli kweli serikalini na hawayatangazi. Siyo kila mzee ni mwongo.

Dereva_Lugazi
Hakuna aliyesema mzee ni mwongo. Tunasema alete kibati.

Arua_Moja
Kibati kibati. Mnanunua kibati ama mnanunua gari? Nyie watu wa Kampala mkijua namba mbili mnaona mmemaliza dunia.

Shemeji_Masaka_Road
@Arua_Moja ndugu yangu ingekuwa W116 ningekaa kimya na chai ningeongeza. Sijasema Hajji anadanganya, baba yake alimwambia hivyo naye akaamini, na labda kweli kuna gari baba alipewa. Ila siyo hii.

Arua_Moja
Hapo sawa. Hapo umesema kama mtu mzima.

Mwana_Walukuba
Turudi kwenye mada. Kuna jamaa ana Land Rover Series III, gridi ya plastiki kabisa, anaiita "Series One". Nikamuuliza kwa nini. Kasema ndo ya kwanza yeye kununua.

Dereva_Lugazi
Na "Landrover haishiki kutu, ni alumini". Bodi ndiyo, chasisi ni chuma. Beba bisibisi, ingia chini, dunga karibu na hengi za springi za nyuma. Mwenyewe akikukataza kudunga umeshapata jibu.

Hajji_wa_Giaboksi
Nina mteja wa Datsun 120Y anayesema ndo gari iliyompa Shekhar Mehta ushindi wa 1973. Mehta kazaliwa hapa hapa Kampala kwa hiyo watu wanampenda, naelewa. Lakini 1973 alishinda na 240Z, silinda sita, milango miwili, ukiiona huwezi kuifananisha na 120Y hata usiku umeme umekatika. Na hata hiyo alilingana pointi na Källström, naye wa Datsun lakini ya 1800 SSS, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kupata penalti. Nilimweleza yote hayo. Akasikiliza vizuri sana, akanishukuru. Wiki iliyofuata kaandika MEHTA kwenye mlango kwa rangi nyekundu.

KijanaKibuye
Angalau kaandika vizuri.

Mzee_Taratibu
Ushauri wangu kwa mnaotaka kununua, usimsahihishe mtu mbele ya mke wake wala watoto. Mvute pembeni.

SpanaKumi_Ndeeba
Mimi naona tofauti mzee, usimsahihishe kabisa. Sifu, kunywa chai, kisha taja bei yako. Akikataa acha namba ya simu, shule ikifungua atapiga.

Nnalongo_Beetle
Na akiwa kakosea kwa faida yako je? Nilinunua taa za Beetle za zamani kwa mzee aliyedhani ni za pikipiki.

Dereva_Lugazi
Hiyo nayo usimsahihishe 😂

Arua_Moja
Huo ni wizi, Nnalongo.

Nnalongo_Beetle
Ni malipo ya wale wote wa petroli steshoni.

Mtoto_wa_Kyengera
Shikamooni wote. Huyo Hajji ni baba yangu mdogo na mtu wa harusi alinitumia hii kitu nikamsomea neno kwa neno, mpaka ya Frankfurt. Amesema kama ilitoka mwezi wa tisa basi Gaddafi ndo alimnunulia Amin kule Libya, na Amin akamtumia marehemu mzee kama shukrani. Kwa hiyo bei sasa ni milioni 110 kwa sababu imepitia kwa marais wawili.

Shemeji_Masaka_Road
Mwambie shemeji yangu asisikie.

Mtoto_wa_Kyengera
Yuko hapa, anakunywa chai.

SpanaKumi_Ndeeba
Kuna mtu ana kioo cha mbele cha 404? Yule mzee wa Mukono kanipigia, amekubali ni kabureta lakini kioo kimepasuka.